TAHARIRI – Kolwezi: Slaidi za masomo zipimwe kwa simu ya mwanafunzi

Wanafunzi wengi wa Kolwezi wanaofuata masomo kwa intaneti hawana kompyuta mbele yao. Wana simu. Somo linatumwa kwenye kundi la WhatsApp, au linawekwa kwenye tovuti ya chuo, au mwalimu analionyesha huku akizungumza kwa njia ya video. Mwanafunzi ananunua mega, anafungua, na mara nyingi anakuta maandishi madogo kama chungu. Anayakuza kwa vidole viwili, mstari unatoka nje ya kioo, anausukuma kulia, anaurudisha kushoto. Wakati huo mwalimu amekwisha kuvuka slaidi mbili.

Tunasema wazi: shida hiyo inaanzia kwenye kompyuta ya anayetayarisha somo, siku anapofungua ukurasa mtupu na kuanza kuandika bila kujiuliza slaidi yake ina upana gani na kimo gani. Vyuo, shule za ufundi na kampuni zinazofundisha vijana katika jimbo la Lualaba zinapaswa kuweka kanuni moja juu ya jambo hili. Kanuni hiyo haigharimu hata franka moja.

Kwa nini hapa kwetu

Tangu Lualaba ilipokuwa jimbo mwaka 2015, kila mtu anahesabu tani za shaba na kobalti zinazotoka. Kijana wa Manika au Dilala anahesabu kitu kingine: nafasi za kazi. Migodini wanatafutwa mafundi umeme, makanika, madereva wa mitambo mikubwa, watu wa maabara, na watu wanaojua usalama wa kazi. Asiye na mafunzo anabaki nje ya geti. Sheria ya mwaka 2017 juu ya kampuni ndogo zinazopewa kazi na kampuni kubwa ilitaka kazi hizo ziende kwa kampuni zenye wenye hisa wengi Wakongomani. Lakini kampuni ya Mkongomani nayo inahitaji wafanyakazi wanaojua kazi.

Mafunzo hayo hayawezi yote kutolewa darasani. Mtu anayefanya kazi kwa zamu huko Fungurume hawezi kufika Kolwezi kila siku. Kijana wa Sandoa au Kapanga yuko mbali zaidi. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita kama 300. Tena Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya Covid-19, nchi nzima iliona kwamba somo lisiloweza kufika nyumbani linasimama. Baadaye, kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD ulienezwa katika vyuo vikuu, na mfumo huo unamtaka mwanafunzi afanye kazi nyingi zaidi peke yake, nje ya ukumbi. Peke yake maana yake ni yeye na simu yake.

Kuna pia umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi, na laini kubwa inayotoka Inga inafika hapa hapa Kolwezi. Hata hivyo, katika mitaa mingi umeme unakatika, na kompyuta yenye betri iliyochoka haimalizi somo moja. Simu inachajiwa kwa paneli ndogo ya jua, au kwa mtu anayechaji simu pembeni ya barabara. Ndiyo maana simu inashinda.

Hesabu ya kioo

Zamani slaidi zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3: upana ukiwa sehemu 4, kimo ni sehemu 3. Ndivyo zilivyokuwa televisheni na skrini za kompyuta za wakati ule. Baadaye skrini zikapanuka zikawa 16 kwa 9, na kuanzia toleo la mwaka 2013 programu ya PowerPoint inafungua yenyewe slaidi pana ya 16 kwa 9, yenye upana wa sentimita 33,87 na kimo cha sentimita 19,05. Mwalimu hakuichagua. Ameikuta.

Simu nazo zilikwenda njia yao. Tangu mwaka 2017 hivi, zimekuwa ndefu na nyembamba, na leo nyingi ni za 20 kwa 9. Chukua simu ya kawaida ya inchi 6,5. Ukiishika wima, kioo chake kina upana wa sentimita 6,8 na kimo cha sentimita 15. Sasa weka humo slaidi pana ya 16 kwa 9. Inabanwa mpaka upana wake uwe sentimita 6,8, na kimo chake kinakuwa sentimita 3,8 tu. Slaidi inakaa kama kibandiko katikati ya kioo, na juu na chini panabaki patupu.

Maandishi yanabanwa kwa kiasi hicho hicho, yaani mara 5. Herufi uliyoiandika kwa ukubwa wa pointi 24 inafika kwa mwanafunzi ikiwa chini ya pointi 5. Herufi kama *a* na *e* zinabaki na kimo kisichofika milimita 1. Gazeti la kawaida linachapishwa kwa pointi 8 au 9. Hakuna mhariri ambaye angethubutu kuchapisha gazeti kwa pointi 5 na kutegemea watu walinunue.

Fanya hesabu hiyo kwa slaidi ya 4 kwa 3, yenye upana wa sentimita 25,4 na kimo kile kile cha 19,05. Kwenye simu ile ile iliyoshikwa wima, inapata kimo cha sentimita 5,1 badala ya 3,8. Herufi ya pointi 24 inafika ikiwa pointi 6,4. Ukiiandika kwa pointi 32, inafika ikiwa 8,5, karibu sawa na gazeti. Ili kupata ukubwa huo kwenye slaidi pana, ungelazimika kuandika kwa pointi 43.

Je, mwenye kompyuta anapoteza nini? Karibu hapotezi kitu. Kwenye skrini pana, kinachobana slaidi ya 4 kwa 3 ni kimo, na slaidi zote mbili zina kimo kimoja. Kwa hiyo herufi zinabaki na ukubwa ule ule. Kompyuta ya inchi 15,6 itaonyesha tu michirizi mitupu ya sentimita 4 hivi kila upande. Michirizi hiyo haimzuii mtu kusoma. Na kama ukumbi una projekta ya zamani ya 4 kwa 3, slaidi inajaza ukuta wote.

Hii ndiyo hoja yetu kubwa. Slaidi pana inamfaa kidogo mwenye skrini kubwa na inamuumiza sana mwenye simu. Slaidi ya 4 kwa 3 inamsaidia mwenye simu bila kumdhuru mwenye kompyuta. Kati ya vipimo viwili, mtu mwenye haki anachagua kile ambacho hakimwachi aliye na kidogo.

Koma inayopotea

Wengine watasema haya ni mambo ya mapambo. Basi tuangalie kinachofundishwa hapa.

Shaba nyingi ya Kolwezi inatolewa kwa njia ya asidi. Jiwe linavunjwa, linasagwa, linaloweshwa katika asidi ya salfa ili shaba iyeyuke, maji hayo yanasafishwa kwa kimiminika kinachokamata shaba, kisha umeme unapitishwa na shaba safi inajikusanya kwenye bamba. Somo kama hilo limejaa namba na alama. Na sisi tunaofuata uandishi wa Kifaransa tunatumia koma katika namba. Mwalimu anaandika gramu 2,5 kwa lita. Kwenye slaidi iliyobanwa mara 5, koma ile ni nukta isiyoonekana, na mwanafunzi anaandika 25 katika daftari lake. Amekosea mara 10, na hajui.

Tazama pia alama ya kobalti, *Co*, na alama ya hewa ya sumu inayotoka kwenye injini mahali pasipo hewa ya kutosha, *CO*. Tofauti yao ni herufi moja kubwa au ndogo. Tazama namba ndogo inayoandikwa chini ya herufi katika H₂SO₄. Mahali ambapo maandishi ni ya pointi 24, namba hiyo inakuwa kama pointi 16, na kwenye simu iliyoshikwa wima inafika ikiwa na pointi 3 na kidogo. Hiyo si namba tena, ni vumbi.

Mtu aliyesoma hivyo ndiye tunayempeleka kwenye matangi ya asidi, kwenye kebo za umeme mkubwa, kwenye mashimo yaliyotegwa baruti. Katika somo la historia, neno lisilosomeka linaweza kukisiwa. Katika somo la usalama, kukisia ni hatari. Na mwenye kulipia hatari hiyo siku zote ni mtu wa chini.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza atasema: mwanafunzi ageuze simu yake, ailaze. Ni kweli, simu ikilazwa, slaidi pana na slaidi ya 4 kwa 3 zinatoa herufi za ukubwa sawa: pointi 24 inakuwa 8,5. Tunawahimiza wanafunzi wafanye hivyo. Lakini mtu anashika simu kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine. Yuko kwenye basi la kazi, au amesimama kwenye foleni ya maji, au amembeba mtoto. Somo linalosomeka kwa namna moja tu ya kushika simu limekwisha kuwapoteza watu. Tena pointi 24 ni mfano wa mwalimu mwema. Wapo wanaoweka kurasa za silabasi kwenye slaidi kwa pointi 14, na hapo hata kulaza simu hakuokoi.

Wa pili atasema: baadhi ya programu za video hazipanui kisanduku chake, zinakiacha cha 16 kwa 9 hata simu ikiwa wima. Ni kweli pia. Hapo slaidi ya 4 kwa 3 inatoa herufi sawa na za slaidi pana, si ndogo kuliko hizo. Haishindi, lakini haishindwi.

Wa tatu, labda mhandisi, atasema: michoro yangu ni mipana. Mchoro wa kiwanda kizima, kutoka jiwe mpaka bamba la shaba, unahitaji nafasi. Tunamjibu kwamba mchoro wa namna hiyo hausomeki kwenye simu kwa kipimo chochote. Aukate vipande: slaidi ya kwanza ionyeshe njia yote kwa visanduku vitano vikubwa bila maelezo, kisha kila kisanduku kipate slaidi yake. Mwanafunzi ataelewa vizuri zaidi, hata yule wa ukumbini. Mchoro kamili utumwe kando kama faili, kwa atakayepata kompyuta.

Wa nne atauliza: basi kwa nini tusitengeneze slaidi za wima kabisa, 9 kwa 16, zijaze kioo cha simu? Kwa muhtasari wa kurudia kabla ya mtihani, ni wazo zuri. Slaidi ya mraba nayo inafaa kwa somo ambalo halitaonyeshwa popote isipokuwa kwenye simu. Lakini somo lile lile likitakiwa ukumbini, slaidi ya wima inakuwa utepe mwembamba katikati ya ukuta, na jedwali lolote lenye safu tatu linakosa mahali. Walimu wetu hawana muda wa kutengeneza kila somo mara mbili. Kipimo kimoja kinachofaa pote kwa kiasi ni bora kuliko vipimo viwili ambavyo kimoja hakitatengenezwa kamwe.

Kuhusu kampuni zenye vyumba vya mafunzo vilivyo na televisheni kubwa za 16 kwa 9: kama somo halitoki nje ya chumba hicho, wabaki na slaidi pana. Lakini siku watakayolituma kwa wafanyakazi kwenye simu, walitengeneze upya.

Mega nazo ni pesa

Wakongomani wanajua thamani ya mayunite. Tozo ya RAM, iliyoanza kukatwa kwenye simu mwaka 2020, ililalamikiwa nchi nzima mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Lakini kuna ukataji mwingine ambao haulalamikiwi: faili nzito bila sababu.

Video ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2 katika kila picha. Video ya 4 kwa 3 ya pikseli 960 kwa 720 ina theluthi moja tu ya hizo. Simu nyingi za bei ndogo zina pikseli 720 tu kwa upana, kwa hiyo zikishikwa wima haziwezi kuonyesha ule utajiri wa 1920 hata zikipewa. Mwanafunzi amelipia kitu ambacho kioo chake kinakitupa.

Hesabu nyingine ni hii. Video inayotumwa kwa kilobiti 1000 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa moja. Kwa kilobiti 300, inakula 135. Kwa slaidi zinazosimama huku mwalimu akieleza, mara nyingi kiasi hicho cha pili kinatosha. Na kama mwalimu atatuma slaidi kwa PDF na sauti yake peke yake kwa kilobiti 32, saa moja ya sauti haifiki megabaiti 15. Tofauti hiyo ni chakula mezani kwa familia fulani.

Jambo dogo la mwisho hapa: slaidi zisitumwe kwenye WhatsApp kama picha. WhatsApp inazibana picha, na herufi zinafifia. Zitumwe kama hati ya PDF, zitabaki jinsi zilivyo.

Tunachoomba

Kwanza, Chuo Kikuu cha Kolwezi na taasisi nyingine za juu za jimbo zitoe kanuni ya ukurasa mmoja kwa walimu wote: slaidi za masomo yanayotumwa kwa intaneti ziwe za 4 kwa 3, maandishi yasipungue pointi 32, na slaidi moja isizidi mistari 7 au 8. Katika programu zetu za Kifaransa, kazi ni ya dakika moja: fungua "Création", kisha "Taille des diapositives", kisha chagua 4:3.

Pili, uchaguzi huo ufanywe kabla ya kuandika slaidi ya kwanza. Ukibadilisha kipimo mwishoni, picha zinakatwa au zinapungua, visanduku vinapandana, na kazi ya wiki inaanza upya. Fundi nguo hupima mtu kabla ya kukata kitambaa.

Tatu, kila somo lijaribiwe kabla ya kutumwa. Mwalimu amwombe mwanafunzi mwenye simu ndogo kuliko zote darasani afungue slaidi, akiishika wima, nje, mchana wa jua. Akisoma namba zote bila kukuza kwa vidole, somo lipite. Akishindwa, lirudi mezani. Jaribio hilo linazidi semina ya siku tatu.

Nne, kampuni za madini zinazotoa mafunzo ya usalama kwa wafanyakazi wa kampuni ndogo zinazowahudumia zifuate kipimo hicho kwa chochote kinachotumwa kwenye simu. Koma na alama za hatari ziandikwe kubwa, na mahali ambapo kosa linaweza kuua, namba iandikwe pia kwa maneno.

Tano, serikali ya jimbo na jamii zinazozunguka migodi zinajua kwamba kanuni za madini zilizorekebishwa mwaka 2018 zinazitaka kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Kuna watakaodai tableti na vyumba vya kompyuta kutoka katika fungu hilo, na wana haki. Lakini kununua kunachukua muda, na vifaa vinaharibika. Slaidi inaweza kurekebishwa usiku wa leo.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Msione haya kumwambia mwalimu kwamba somo halisomeki. Wengi hunyamaza wakiogopa kuonekana hawana simu nzuri. Mwambieni kwa heshima, mkimpelekea picha ya kioo chenu jinsi kilivyo. Mwalimu anayetayarisha somo usiku kwenye kompyuta yake haoni mnachoona ninyi, na asiyeambiwa atatuma slaidi zile zile mwaka ujao.

Ardhi yetu inatoa shaba ya nyaya na kobalti ya betri, na kobalti hiyo inaingia katika simu za dunia nzima. Ingekuwa aibu kama mtoto wa Kolwezi, akiwa ameshika simu hiyo mkononi, angeshindwa kusoma somo lake kwa sababu tu mtu alisahau kuuliza kioo kina upana gani.